Mukuru: Pesa za Kuboresha Mtaa Zinapofika Mlangoni na Zinapoishia Barabarani

Mwaka 2000, APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya chenye makao yake Nairobi, kilifanya hesabu iliyowashtua wengi. Katika mitaa ya mabanda ya jiji hilo, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 151 hivi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima idadi hiyo ilikuwa 62. Mashambani, kule ambako tumezoea kusema huduma hazifiki, ilikuwa 113. Mtoto wa kijijini, ambaye kumpeleka kwa daktari ni safari ya siku, alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko mwenzake aliyezaliwa kilomita chache kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Naanza na takwimu hizo kwa sababu zinabomoa mapema dhana ambayo wanasiasa wetu wanaipenda mno, kwamba tatizo la afya la mtaa wa mabanda ni uhaba wa hospitali. Hospitali zilikuwa karibu. Kilichoua watoto kilikuwa karibu zaidi: maji ya mtungi, choo cha watu mia, moshi wa jiko ndani ya chumba kisicho na dirisha, mtaro uliopita mlangoni. Kwa hiyo pesa yoyote inayotangazwa kuwa ya kuboresha mtaa inafaa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: imefika mlangoni, au imeishia barabarani? Kisa cha Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kinalijibu swali hilo kwa namna mbili zinazopingana, ndiyo maana nimekichagua.

Ardhi yenye wenyewe watatu

Mukuru ni mtaa uliogawanyika mara tatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Uko kusini-mashariki mwa jiji, umebanwa kati ya viwanda na Mto Ngong. Takriban kaya 100,000 zinaishi kwenye eneo lisilofika ekari 700.

Ardhi hiyo ilikuwa ya umma. Kuanzia miaka ya 1980 iligawiwa watu binafsi na makampuni kwa sharti kwamba wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga kitu. Hati zikapelekwa benki kuwa dhamana ya mikopo, na juu ya ardhi yenyewe wananchi wakajenga vyumba vya mabati. Matokeo yake ni kwamba mpangaji wa Mukuru analala juu ya ardhi ya mtu asiyemjua kwa sura, huku kodi akimlipa mtu mwingine ambaye nyumba ni yake lakini hati hana. Huyo wa pili anaitwa mwenye nyumba, na wapangaji ndio karibu mtaa mzima.

Mvutano huo wa umiliki ni suala la afya, ingawa hauonekani hivyo kwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi mashirika ya maji na stima yalikuwa na jibu moja: hatuwezi kulaza bomba kwenye ardhi ya mtu binafsi. Pengo likajazwa na wafanyabiashara wa vichochoroni. Watafiti walipopiga hesabu miaka michache kabla ya mpango wa kuboresha mtaa wa mwaka 2017, walikuta mkazi wa Mukuru akilipia maji kwa bei iliyozidi ile ya mitaa iliyopangwa kwa asilimia 172 kwa kila mita ya ujazo. Stima ilimgharimu kati ya asilimia 45 na 142 zaidi. Maskini alikuwa akilipa zaidi, kisha anapewa bidhaa mbovu.

Ubovu wenyewe unafaa kuelezwa, maana hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Maji yanavutwa kutoka bomba kuu kwa paipu nyembamba za plastiki, nyingine zimeunganishwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Paipu hizo zinapitishwa ndani ya mtaro uleule unaobeba maji taka kwa sababu hakuna njia nyingine kati ya nyumba na nyumba. Bomba likiwa limejaa, maji yanasukuma nje kupitia kila ufa na hakuna kinachoingia. Siku ya mgao, presha ikishuka, ufa uleule unageuka mdomo: paipu inanyonya kilicho mtaroni. Maji yakirudi, mtungi wa kwanza ndio mchafu kuliko yote, na ndio unaogombewa kwa sababu watu wamekaa siku mbili bila tone. Kampuni ya maji ikipima maji yake kwenye hifadhi itayakuta safi kabisa, na itakuwa inasema kweli.

Choo nacho. Ploti moja inaweza kuwa na vyumba kumi, vingine ishirini, kila chumba futi kumi kwa kumi na familia yake ndani, na choo kimoja cha shimo pembeni. Likijaa, vijana huja usiku na ndoo na mapipa kulizoa, na mzigo huishia mtoni. Usiku mwanamke anayejali usalama wake hatoki nje, anatumia ndoo au mfuko. Hapa wengi hulaumu tabia za wakazi, lakini ukikaa na hesabu ya mwenye nyumba utaona mambo tofauti. Kujenga choo cha pili kunamlazimu kuvunja chumba kimoja. Chumba kinalipiwa kodi kila mwezi, choo hakilipiwi. Na kwa kuwa hana hati, hana hakika kama kesho atakuwa na ploti yenyewe. Ukiwa katika nafasi yake, ungejenga?

Tarehe 12 Septemba 2011, huko Sinai, upande wa Viwandani, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la mafuta ikaingia katika mtaro wa maji. Watu wakakimbilia kuichota. Ikalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tunaiita ajali ya moto, na moto ulikuwepo kweli. Lakini orodha ya vilivyoua siku ile ni pamoja na mtaro unaopita kati ya nyumba, vichochoro visivyopitika, na umaskini unaofanya debe la petroli lionekane riziki.

Mpango wa 2017

Agosti 2017, mwezi wa uchaguzi mkuu, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Tangazo hilo lilisimamisha ujenzi mpya kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kazi ya Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza 1996, pamoja na mashirika ya SDI-Kenya, Akiba Mashinani Trust na Katiba Institute, na vyuo vikuu vya Nairobi, Strathmore na California kilichoko Berkeley. Mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi ya kazi: maji na nishati, ardhi, afya, elimu, mazingira, nyumba na miundombinu, fedha, uratibu wa jamii.

Wakazi walipangwa kuanzia kaya kumi. Kila kaya kumi zina mtu wao, makundi hayo yanaungana kuwa makubwa zaidi, hadi kufikia mtaa mzima. Si kikao cha chifu ambako wazee wanne wanapiga makofi na picha inapigwa. Mpangaji alikuwa na njia ya kusema, na hilo kwa Nairobi ni jambo jipya, maana miradi ya zamani ilizungumza na mwenye nyumba na ikadhani imezungumza na mtaa.

Jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo la maana zaidi lilihusu upana wa barabara. Kanuni za kawaida za mipango miji zikitumiwa Mukuru, barabara zingekula nyumba za maelfu ya watu. Wataalamu na wakazi wakakubaliana barabara ziwe nyembamba kuliko kanuni, ili mtaa upate njia ya gari la zimamoto na ya bomba la maji taka bila kufukuza wale ambao bomba linaletwa kwa ajili yao. Kwenye karatasi, pesa na watu viliwekwa mahali pamoja.

Kwa nini mtaa mzima kwa mpigo, na si choo hapa na bomba pale? Sayansi iko upande wa mpango huo, na hapa nitatoka Nairobi kidogo. Maputo, watafiti walifuatilia watoto kwa miaka miwili baada ya vyoo vya pamoja katika baadhi ya ploti kuboreshwa. Vyoo vilikuwa vizuri, watu walivipenda, lakini kuhara hakukupungua, wala maambukizi ya tumbo kwa ujumla. Mtoto alijisaidia mahali safi kisha akatoka kucheza kwenye mtaro wa jirani ambaye hakuboreshewa chochote. Salvador, mji wa pwani ya Brazili, ulichukua njia nyingine: ulilaza mabomba ya maji taka jiji zima, kutoka asilimia 26 hivi ya nyumba hadi asilimia 80. Kuhara kwa watoto wadogo kulishuka kwa asilimia 21, na katika maeneo yaliyokuwa mabaya zaidi kwa asilimia 43. Vimelea havijui mpaka wa ploti. Kipimo cha dawa kikiwa nusu, nusu hiyo inaweza isifanye lolote.

Wanajeshi na lami

Mwanzoni mwa 2020 majukumu kadhaa ya kaunti yalihamishiwa serikali kuu, na Machi mwaka huo ikaanza kazi Nairobi Metropolitan Services, mamlaka mpya iliyokabidhiwa majukumu hayo, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Ndio mwezi Kenya ilipopata mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Ghafla serikali iligundua kwamba haiwezi kumwambia mtu anawe mikono kila saa ilhali mtungi mmoja wa maji unamlia sehemu ya pesa za mlo. Visima vikachimbwa, malori ya maji yakaingia, na mpango wa Mukuru, uliokuwa umeandikwa na uko tayari, ukapata mtu mwenye bajeti na amri.

Barabara zilijengwa haraka. Sitaki kuzidharau, kama wanavyofanya wanaharakati wengine wanaoamini lami ni ya wenye magari. Barabara ndani ya mtaa wa mabanda inaingiza gari la wagonjwa, gari la zimamoto na la taka. Ina mfereji pembeni na taa juu, na chini yake kuna nafasi ya kulaza bomba. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku anajua thamani yake kuliko mhandisi.

Hospitali nazo zilikuja. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zijengwe 24 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na mwaka 2021 alizunguka kuzifungua, nyingine usiku, Mukuru ikiwemo. Ni vituo vinavyohitajika. Ila mtu akikumbuka zile 151, 62 na 113, atajiuliza kama ndivyo vilivyohitajika kwanza. Kituo cha afya kinamtibu mtoto anayehara, anarudi nyumbani, anakunywa maji yaleyale, wiki ijayo yuko kwenye foleni tena.

Bomba la maji taka ndilo lenye hadithi ngumu. Mpango ulichagua mfumo rahisi: mabomba membamba, yasiyozikwa kina kirefu, yanayoweza kupita vichochoroni mahali ambapo bomba la kawaida haliingii. Mengine yalilazwa. Lakini bomba likipita nje ya ploti bado halijamtibu mtu. Inabaki ile hatua ya mwisho: kutoa chumba kimoja, kujenga choo cha kumwaga maji, kuunganisha, na kulipia maji ya kumwagia. Hatua hiyo iko mikononi mwa mwenye nyumba yuleyule asiye na hati, mwenye hesabu ileile. Hakuna rais anayekuja usiku kukata utepe wa choo cha ploti. Lami inaonekana kutoka kwenye helikopta, maungio ya bomba hayaonekani, na bajeti huwa na mazoea ya kufuata macho.

Kama ningepewa shilingi za mradi huu nizigawe upya, nisingeongeza hata kituo kimoja. Ningemlipa mwenye nyumba kodi ya chumba anachokivunja, kwa mwaka mmoja au miwili, kwa masharti mawili: choo kiunganishwe, na kodi za vyumba vilivyobaki zisipande katika kipindi hicho. Ni pesa ndogo ukilinganisha na lami, na ndiyo inayolifikisha bomba mlangoni.

Oktoba 2021

Mtaa uleule, mamlaka ileile. Oktoba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara ya kuunganisha na Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa kwa magari mwaka uliofuata. Ubomoaji ukaendelea hadi Novemba na ukapita mbali nje ya njia ya barabara. Makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makao, wengi wakiwa chini ya turubai juu ya vifusi vya nyumba zao, msimu wa vuli ukianza. Mwishoni mwa Desemba kukatokea makabiliano na polisi juu ya mipaka ya ardhi hiyo, na watu wawili wakauawa kwa risasi.

Tazama kilichotokea kwa lugha ya afya. Mgonjwa wa kifua kikuu yuko kwenye dawa za miezi sita. Kadi yake iko kwenye kituo cha Mukuru, yeye sasa yuko kwa shemeji Kayole, na dozi inakatika. Anayemeza dawa za virusi vya Ukimwi ameacha kopo kwenye kifusi. Mtoto ametolewa shuleni, na mlo wa mchana aliokuwa akiupata huko umeenda nao. Mama mboga amepoteza wateja waliokuwa wakimkopesha imani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye kitabu cha gharama za barabara, na yote yanaingia kwenye kitabu cha hospitali iliyofunguliwa miezi mitatu kabla.

Mpango wa 2017 ulipunguza upana wa barabara ili watu wasiondoke. Barabara ya 2021 ilitoka nje ya mantiki hiyo kwa sababu haikujengwa kwa ajili ya Mukuru, ilikuwa inapita tu. Hapo ndipo wataalamu wa mipango wanapokosea wanapoweka miradi yote miwili chini ya kichwa kimoja cha kuboresha jiji. Mmoja unawekeza kwa wakazi, mwingine unawekeza kwenye mahali walipo.

Mwaka 2024 mafuriko ya masika yakaja, Mto Ngong ukafurika, na serikali ikaamuru watu waondoke kandokando ya mito yote ya jiji. Nyumba zikabomolewa tena na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Kuishi ukingoni mwa mto unaobeba maji taka na taka za viwanda ni hatari, sitabishana na hilo. Lakini anayefukuzwa ukingoni akipewa kodi ya miezi michache huenda kwenye ukingo mwingine.

Mtaa wenye afya, watu wengine

Jirani kabisa na Mukuru kwa Njenga kuna Pipeline. Atakaye kujua Mukuru inaweza kugeuka nini lami, maji na stima vikifika bila ulinzi wa mpangaji, aende akaone. Ni maghorofa ya kukodisha ya orofa saba, nane, yamebanana hadi jirani wa ghorofa moja anaweza kumpa chumvi wa ghorofa nyingine kwa dirishani. Vyumba vya orofa za chini vinawasha taa mchana. Choo kipo, cha kushirikiana kwa kila sakafu, na hiyo ni hatua. Hewa na jua havipo, na vijidudu vya kifua kikuu hupenda hali hiyo. Mpangaji wa mabati asiyemudu kodi ya ghorofa huhamia mabati mengine, mbali zaidi na kazi.

Hili linaleta tatizo la kipimo ambalo ripoti za miradi huliruka. Viwandani ina bahati ambayo mitaa michache Afrika inayo: APHRC ilianza kufuatilia kaya za huko na za Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nani kazaliwa, nani kafa na kwa nini, nani kahamia na nani kaondoka. Utafiti mwingine wa kituo hicho mwaka 2012 ulikuta vifo vya watoto katika mitaa ya mabanda vimeshuka hadi karibu 80 kwa kila 1,000, na wakati huo Mukuru haikuwa hata na mpango. Vifo vilikuwa vinashuka nchi nzima. Kwa hiyo takwimu za miaka ijayo zikionyesha nafuu zaidi, mtu wa mradi asikimbilie kuweka jina lake juu yake. Kuna nafuu inayotokana na bomba, kuna inayotokana na chanjo na dawa, na kuna ya tatu ambayo ni ya uongo: walio maskini zaidi wamehama, wenye kipato wamehamia, na wastani umepanda bila mtu yeyote kupona.

Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba za kwanza za serikali Mukuru, 1,080 kati ya zaidi ya 13,000 zilizopangwa. Ndogo kuliko zote hulipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi hadi mkaazi aimiliki. Ina choo ndani na maji kwenye bomba, na kwa familia inayoipata mlango umefikiwa bila ubishi. Kibera, upande wa Soweto Mashariki, wakazi walihamishwa 2009 na nyumba 822 zikakabidhiwa 2016, na miaka saba ni mingi mno kwa familia ya kupanga. Mukuru imekwenda kwa kasi zaidi. Bado, hata nyumba zote 13,000 zikikamilika, kati ya kaya 100,000 nyingi zitabaki kwenye mabati, na kwao mambo ni yaleyale ya mpango wa 2017: bomba, choo cha ploti, na kodi isiyopaa.

Kaunti ikitaka kujua kama pesa hizi zote zimegeuka afya, ichague kaya elfu moja za wapangaji leo, wa mabati na wa nyumba mpya, iandike namba zao za simu, na iwatafute kila baada ya miezi sita popote watakapokuwa, iwe ni Mukuru, Kayole, Njiru au wamerudi ushago. Iwaulize maji wanayatoa wapi, choo wanashirikiana na wangapi, mtoto alihara lini, kodi ni ngapi. Namba ya simu ni kitu ambacho Mkenya hahami bila nacho.